Barua Zilizotoka kwa Mama Mdogo

Baba alipofariki, laini yake ya simu ilikaa muda mrefu bila kutumika, na kampuni ya simu ikaiuza kwa mtu mwingine. Sisi watoto hatukujua. Siku nilipotaka kufungua barua pepe zake, nipate picha za familia alizokuwa akizihifadhi humo, mtandao uliniambia kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu yake. Nikapiga ile namba. Akapokea mwanamke nisiyemjua, mwenye sauti ya upole, akaniambia yuko Lindi na laini ni yake. Kwenye kioo cha simu yangu bado palikuwa pameandikwa "Baba", na baba alikuwa akiongea kwa sauti ya kike huku mtoto analia nyuma yake.

Yule mama alinisomea namba iliyoingia, nikaiandika. Haikusaidia kitu. Kampuni ya barua pepe ilisema haikitambui kifaa changu. Nikaomba, nikaeleza, nikajibiwa na mashine kwa maneno yaleyale kila mara. Baadaye akaunti ikafutwa. Hapakuwa na ofisi ya kwenda wala mtu wa kumwamkia na kumweleza shida yangu.

Hapo ndipo nilipoamua kuweka seva ya barua pepe nyumbani kwangu Masasi. Nafundisha kompyuta sekondari, kwa hiyo sikuanza kutoka sifuri, ila nakiri nilidhani kazi ni nyepesi kuliko ilivyokuwa. Mume wangu, ambaye ni karani kwenye ghala la korosho, aliniangalia nikifuta vumbi kompyuta ndogo ya mtumba na kuipangia nafasi stoo, karibu na betri ya sola.

"Sasa unataka kuwa posta?" akaniuliza.

"Posta ya kwetu sisi tu," nikamwambia. "Barua zikae hapa, kwenye nyumba tunayoijua."

Kuchagua programu kulinichukua muda kuliko kununua kompyuta yenyewe. Ya kwanza ilikuwa kifurushi chenye kila kitu ndani, na picha nzuri za kubofya. Niliisimika, ikala kumbukumbu yote ya kile kikompyuta, ikawa hata kuingia siwezi. Ya pili ilikuwa mpya, faili moja tu, unaiweka na inafanya kazi. Niliipenda sana kwa wiki moja. Kisha barua zikaacha kuingia, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa ndani ya faili moja, sikujua nianzie wapi kutafuta ugonjwa. Mwisho nikarudi kwenye programu za zamani ambazo wenzangu mtandaoni walikuwa wakizisifia na kuzilalamikia kwa pamoja: moja inapokea na kutuma, nyingine inahifadhi, nyingine inachuja barua taka, na kila moja ina faili lake la maelekezo unaloliandika kwa mkono. Ni kazi ya uvumilivu. Ila kitu kikiharibika, unajua kimeharibikia wapi, na unaweza kusimamisha kimoja vingine vikaendelea.

Niliomba kampuni ya mtandao anwani ya kudumu ya seva, wakanipa. Nikafungua seva asubuhi ya Jumamosi, mume wangu akiwa ameketi mlangoni anabangua korosho za kula. Nilitaka aone barua ya kwanza ikiingia. Badala yake tukaona wageni. Kwenye kioo mistari ilianza kupanda, kila mstari ni mtu, au mashine ya mtu, akijaribu kuingia kwa kubahatisha jina na neno la siri. Anwani zao zilitoka nchi ambazo mimi nimezisikia kwenye taarifa ya habari tu.

"Hao ni nani?" mume wangu akauliza.

"Sijui."

"Wamejuaje kwamba tupo?"

Chai ilikuwa haijapoa tangu nifungue ule mlango, na dunia nzima ilikuwa inavuta kitasa. Nje palikuwa kimya, jirani anafagia uwanja, milima ya mawe ya Masasi imesimama palepale. Niliogopa siku ile hofu ambayo sikuwa nimeitegemea kutoka kwenye mashine iliyo kwenye rafu ya ndoo za mchele. Nikaweka ulinzi wa kumfungia nje kila anayekosea mara kadhaa, mistari ikapungua, nikazoea. Mtu huzoea mambo ya ajabu haraka.

Niliwafungulia ndugu wachache masanduku ya barua. Aliyeyafurahia kuliko wote alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, muuguzi mstaafu anayeishi Newala. Binti yake anafanya kazi ng'ambo, na mama mdogo hapendi ule ujumbe mfupi wa simu. Anapenda kuandika barua yenye mwanzo na mwisho. Alikuwa akimwandikia binti yake kuhusu maji yaliyokosekana bombani, bei ya muhogo, mjukuu wa jirani aliyezaliwa miguu mbele, na marehemu mume wake, ambaye alimuuguza mwenyewe mpaka mwisho. Najua hayo kwa sababu alikuwa akinisimulia. Masanduku ya watu sikuwa nayafungua.

Ilikuwa likizo ya Juni, watu wanapuliza salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho, na mume wangu alikuwa ameondoka alfajiri kwenda shambani kwetu Lukuledi. Nilikuwa nachambua mboga jikoni nikasikia feni ya kile kikompyuta inavuma. Haijawahi kuvuma vile. Nikadhani vumbi la salfa limeingia. Nikaenda stoo, nikawasha kioo, nikaiagiza programu inionyeshe foleni ya barua zinazosubiri kutoka. Kwa kawaida foleni ilikuwa tupu. Safari hii anwani zilianza kuteremka kwenye kioo bila kukoma. Nilisubiri zifike mwisho, hazikufika. Anwani za watu nisiowajua, majina ya kila lugha, maelfu kwa maelfu. Na kwenye kila mstari, mahali pa mtumaji, palikuwa na jina moja tu. Jina la mama mdogo.

Nilisimama na kisu cha mboga mkononi. Nakumbuka niliwaza jambo la kipumbavu: ameandika saa ngapi zote hizi?

Kisha nikazinduka. Nikasimamisha ile sehemu ya kutuma, nikaacha ya kupokea iendelee, nikampigia simu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umepiga. Hivi hawa Wazungu wanaonitukana wametoka wapi?"

"Wanakutukana?"

"Tangu jana. Mmoja kaniita mwizi. Mwingine, mwanamke, kasema nife kwa uchungu. Nimewakosea nini mimi?"

Nikamwambia hajawakosea kitu, kuna watu wameingia kwenye sanduku lake. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumpa neno lake la siri.

"Nimpe nani? Nimekupa wewe tu."

"Mimi?"

"Si uliniandikia mwanangu? Ukasema msimamizi wa seva anahakiki masanduku, nibonyeze pale, niandike neno la siri, la sivyo barua zangu zitapotea. Nikasema, huyu asije akahangaika kama alivyohangaika na barua za marehemu shemeji. Nikaandika harakaharaka."

Nikakaa juu ya gunia. Kulikuwa na mtu mahali fulani aliyejifanya mimi. Hakunijua jina, alijua tu kwamba kila seva ina msimamizi, akatupa wavu, na mama mdogo akaona mtoto wa dada yake anamwita. Hakudanganyika kwa tamaa wala kwa uzembe. Aliharakisha ili asinipe taabu.

Kesho yake nilipanda gari la kwanza kwenda Newala. Nilimkuta kibarazani amejifunga kitenge mabegani, ukungu bado haujaondoka, na simu ameilaza juu ya meza kifudifudi, hataki kuiona. Alikuwa amepungua. Nilishika mikono yake kumwamkia, mikono iliyozalisha nusu ya wilaya.

Tulikaa, nikambadilishia neno la siri, nikaanza kusoma kumbukumbu za seva, orodha ya nani ameingia lini, kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Nilitafuta siku yule mgeni alipoingia mara ya kwanza. Nilitegemea kuona juzi. Niliona wiki kadhaa nyuma. Alikuwa akiingia na kutoka, kimya, hatumi kitu. Nikajiuliza alikuwa anafanya nini muda wote huo. Jibu lilikuwa kwenye ile barua yenyewe aliyoisambaza.

Mama mdogo alinitaka nimfungulie aisome. Kiingereza chake cha uuguzi kinamtosha kabisa. Ilikuwa barua ya mjane, muuguzi mstaafu, mgonjwa wa saratani, anayetaka kuwaachia mali watoto yatima kabla hajafa, na anahitaji mtu mwaminifu wa kumsaidia kulipia gharama ndogo. Utapeli wa siku zote. Lakini mama mdogo aliposoma aya ya pili aliweka kidole kwenye kioo na kukiacha hapohapo.

"Haya maneno ni yangu," akasema.

"Yapi?"

"Haya. 'Asubuhi nakaa kibarazani natazama ukungu ukipanda kutoka bondeni, na kila siku namwona mume wangu akija ndani yake, kisha jua linatoka na yeye haonekani.' Nilimwandikia mwanangu hayo. Nilimwandikia yeye peke yake."

Wezi walikuwa wameyageuza kwa Kiingereza, vizuri tu. Wameyachukua na yale ya kumwosha mume wake, na yale ya shati lake alilokataa kuligawa. Alikuwa hajawahi kuyasema kwa mdomo, hata kwa dada yake. Sasa yalikuwa yamekwenda kwa maelfu ya watu, na yeye hakulia. Aliinuka akaenda ndani.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. "Wamejibu wangapi walioamini?" akauliza.

Ile barua iliwaelekeza watu wajibu kwa anwani nyingine, ya matapeli, lakini baadhi walikuwa wamejibu moja kwa moja kwake. Wengi walikuwa wa matusi. Tulizipitia barua zote. Katikati ya matusi tukakuta barua ndefu, yenye salamu kamili na alama zote za uandishi. Ilitoka kwa mzee mmoja wa nchi ya mbali. Alimwita dada mpendwa. Alisema na yeye amefiwa na mke, na alipofika kwenye maneno ya ukungu ilibidi aache kusoma, ashike meza. Alisema ameshaandika kwenye ile anwani nyingine na anaandika na hapa ili awe na hakika barua imefika. Jumatatu angekwenda benki. Chini kabisa aliandika jina lake, mtaa wake na namba ya simu ya nyumbani, kama watu wa umri wake wanavyofanya.

Siku ile ilikuwa Ijumaa.

Niliandika jibu upesi: usiende benki, huu ni utapeli. Nikaifuta ile foleni yote, nikafungua sehemu ya kutuma, nikaituma barua hiyo moja. Ikarudi papo hapo. Seva ya kule ilisema anwani yangu inajulikana kwa kusambaza barua taka na haitapokelewa. Nikajaribu tena, ikarudi tena. Nilikuwa nimewapelekea uongo maelfu ukapita, na sasa nina ukweli mmoja, nimefungiwa mlango. Nikatumia akaunti yangu ya zamani ya bure. Ile haikurudi, lakini tulingoja mpaka chakula cha mchana, hakuna jibu.

"Mtu anatokwa damu wewe unamwandikia," mama mdogo akasema. "Piga simu."

Tulinunua vocha za kutosha pale dukani jirani. Tukaweka sauti ya nje, simu ikaita sana. Ilipopokelewa, kabla ya sauti, tulisikia kikohozi. Mama mdogo alijitambulisha kwa Kiingereza, kwa jina lake kamili.

Yule mzee akapaza sauti kwa furaha. "Ni wewe! Mungu ni mwema, umepata nguvu za kupiga simu!"

"Mimi si mgonjwa, baba," mama mdogo akasema. "Mimi ni mzima."

"Umepona?"

"Sijaugua. Ile barua sikuiandika mimi. Imeandikwa na wezi walioiba jina langu. Usiende benki."

Sauti ikabadilika kabisa, ikawa ngumu. "Walinionya," akasema. "Yeye mwenyewe aliniandikia jana, akasema kuna watu watapiga simu kwa jina lake kuniambia nisimsaidie. Aibu iwe kwako." Akakata.

Sijawahi kupigwa kofi usoni ukubwani, lakini nadhani hisia yake ni ile. Mwenye jina, mwenye mume, mwenye ukungu, ameambiwa yeye ndiye bandia. Na waliotangulia kusema hivyo walijua kwamba tungepiga.

Nilitaka tuache. Nilimwambia mama mdogo tumefanya letu. Akanijibu bila kunitazama, "Umesikia kile kikohozi?"

Akapiga tena. Mzee alipopokea, hakumpa nafasi ya kukata. "Hicho kikohozi unacho tangu lini?"

"Nini?"

"Kikohozi. Kinatoa makohozi au ni kikavu? Unalala chali au unaegemea mito?"

Nilidhani atakata. Akajibu. Anaegemea mito, akasema, mitatu. Miguu inavimba jioni. Mama mdogo akamuuliza dawa anazotumia, mzee akamtajia; akamuuliza kama anazinywa, mzee akasema tangu mke wake afariki anazisahau. Waliongea hivyo, muuguzi na mgonjwa, huku mimi nimekaa pembeni na vocha za kuongeza. Mwishowe yule mzee akauliza taratibu, "Kwa nini unaniuliza mambo haya? Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Kila anayeniandikia anataka kitu."

"Ndiyo. Mimi sitaki."

Yule mzee akauliza, "Ukungu upo leo?"

Mama mdogo akageuza kichwa kutazama ng'ambo ya uwanja, kule ardhi inapokatika kuelekea mto Ruvuma. "Ulikuwepo asubuhi," akasema. "Maneno yale ya ukungu ni yangu kweli. Niliyaandika kwa mwanangu, wakayaiba. Mengine yote ni ya wezi."

Mama mdogo akamuuliza kama ana mtoto. Anaye, binti, anakaa mji mwingine. "Basi sikuombi uniamini," mama mdogo akamwambia. "Nakuomba ufanye jambo moja. Kabla hujatoka kwenda benki, mpigie binti yako, mweleze kila kitu. Ukimaliza kuongea naye, nenda unakotaka."

Akaahidi.

Jumamosi na Jumapili nilibaki Newala. Hatukuongea sana habari hiyo. Tulichota maji kisimani, tukapika kisamvu, mama mdogo akaenda misa na kurudi. Jumatatu mchana simu yake iliita, namba ya nje. Alikuwa yule binti wa mzee. Analia, hata Kiingereza chake kilikuwa kigumu kukifuata. Baba yake alikuwa amempigia Jumapili. Binti akasafiri usiku kucha kwenda kwa baba yake. Mzee hakwenda benki.

Kisha akatuambia jambo jingine. Hii haikuwa mara ya kwanza. Alipokagua kompyuta ya baba yake alikuta barua za wagonjwa, wajane, mayatima, za zaidi ya mwaka mzima, na wengi wao alikuwa ameshawatumia pesa. Nyumba ilikuwa imeshawekwa rehani. Mzee hakumwambia mtu yeyote. Kila wiki alikuwa na watu wa kuwaandikia, akimaliza anavaa koti anakwenda benki.

"Sisi ndio wa kwanza kumpigia simu," mama mdogo akaniambia baada ya kukata. Alirudia mara mbili. "Wote hao, na sisi ndio wa kwanza kumpigia simu."

Nilirudi Masasi nikiwa nimeamua kuzima seva. Mume wangu, ambaye nilidhani angefurahi, aliniuliza swali moja tu: nikiizima, wale wezi watakosa pa kupita? Nikamwambia hapana, watapita kwingine. Akarudi kwenye chakula chake. Basi sikuizima. Niliweka kikomo, mtu asiweze kutuma zaidi ya barua chache kwa saa. Niliweka uthibitisho wa simu kwa kila anayeingia. Barua za kutoka nikazipitisha kwa kampuni inayofanya kazi hiyo, kwa sababu anwani yangu ilikaa kwenye orodha za waliofungiwa kwa wiki nyingi, nikiomba na kueleza. Na niliwazungukia ndugu wote wenye masanduku, ana kwa ana, Masasi mpaka vijijini, nikawaambia: mimi sitakuandikia kamwe kukuomba neno la siri. Ukiona barua hiyo, si mimi. Shangazi mmoja aliniuliza, "Na nikikuona wewe mwenyewe mlangoni, unaniomba?" Nikamwambia hata hapo, ukatae. Alicheka. Mimi sikucheka.

Mama mdogo hakuandika chochote kwa muda mrefu. Binti yake alinipigia kutoka ng'ambo akilalamika kwamba mama anaongea kwa simu tu, tena kwa kifupi. Sikumlaumu. Halafu mwezi wa mabibo, matunda ya mikorosho yakiwa yameiva, nilipokwenda kumtembelea, nilimkuta kibarazani na simu mkononi, miwani puani, anaandika. Nikafurahi, nikadhani anamwandikia mwanawe. Hapana. Alikuwa akiwajibu wale waliomtukana, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alimwandikia maneno yaleyale: mimi ndiye mwenye jina hili, sikukuandikia, pole kwa usumbufu.

"Hawatajibu," nikamwambia.

"Wengi hawajajibu." Akanisogezea simu. "Ila soma hii."

Ilikuwa ya yule mwanamke aliyemwambia afe kwa uchungu. Alikuwa ameandika barua ndefu ya kuomba radhi. Alisema siku ile alikuwa ametoka kumzika kaka yake, akarudi nyumbani akafungua kompyuta, akakuta mtu anatumia kifo kuombea hela. Alisema maneno aliyoyaandika hajawahi kumwambia mtu yeyote maishani, na hakujua kwamba anayo. Aliambatanisha picha ya bustani yake.

Mama mdogo alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Nimemsoma mara ya kwanza, nimemsoma na leo," akasema. "Ni mtu yuleyule?"

"Ni yuleyule, mama mdogo. Anwani ni ileile."

Akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, akaniuliza kama najua yale maua ya zambarau yanaitwaje. Sikuyajua. Akaanza kumwandikia amuulize.